TUGAWANE NCHI, TUSIGAWIWE

Katika lugha yetu kuna maneno mawili yaliyozaliwa tumbo moja lakini tabia zao ni mbali mbali: kugawana na kugawiwa. Watu wanaogawana wamekaa pamoja, kila mmoja aona kisu kinapopita, na mwenye neno alisema. Anayegawiwa hukaa nje akingoja. Huletewa finyango lake limekwisha kukatwa, na akiuliza mbona kapewa mfupa mtupu huambiwa kwamba hana shukrani.

Sisi watu wa nyanda za kati, kuanzia Kongwa mpaka Itigi, na kuanzia Kondoa mpaka Mtera, tumegawiwa kwa miaka zaidi ya 130. Waligawa Wajerumani, wakagawa Waingereza, na baada ya Uhuru tukagawanywa tena mara nyingi. Nyingine kati ya mara hizo zilituletea faida, na nyingine hasara. Lakini swali moja halijajibiwa sawasawa hata leo: Nani anaulizwa kabla mstari haujapigwa?

Wako wanaodhani kwamba habari ya mikoa, wilaya, tarafa, kata, vijiji na vitongoji ni kazi ya makarani na wapima ardhi, haimhusu mwenye jembe. Wamekosea sana. Mstari ukisogezwa katika ramani, ndio unaoamua mama mja mzito atalipa nauli kiasi gani kufika hospitali ya wilaya. Ndio unaoamua kesi ya shamba itasikilizwa wapi, na ushuru wa mnada wa ng'ombe utaingia mfuko gani. Na, kama tutakavyoonyesha, ndio unaoamua hata kama mkutano wa kijiji bado una neno juu ya ardhi ya kijiji au umekwisha nyang'anywa.

WALIANZA WAGENI

Kabla ya ukoloni hapakuwa na mfalme mmoja wa Wagogo wote. Palikuwa na nchi ndogo ndogo nyingi, kila moja na mtemi wake, na kazi yake kubwa ilikuwa kuiombea nchi mvua na kuilinda. Mpaka wa nchi ulikuwa kilima, mto wa mchanga au korongo ambalo kila mchungaji alilijua. Hatusemi kwamba siku zile watu walikaa peponi. Vita vilikuwako na wizi wa ng'ombe ulikuwako. Twasema tu kwamba mpaka ulijulikana na wale waliokaa kando yake.

Wajerumani walipokuja walijenga boma Mpwapwa na boma Kilimatinde, juu ya njia ya misafara iliyotoka pwani kwenda Tabora. Hawakuuliza maji yako wapi wala malisho yako wapi. Waliuliza askari watafika kwa siku ngapi, na kodi itakusanywaje. Kisha ikaja reli. Mwaka 1910 garimoshi lilifika Dodoma, na mara zile boma mbili zilizokuwa kubwa zikaanza kurudi nyuma, na stesheni ikawa mji. Basi hata makao ya utawala wetu yalichaguliwa na chuma cha reli, si na watu.

Vita Vikuu vya Kwanza vilipofika, majeshi ya pande zote mbili yalichukua ng'ombe, yakachukua nafaka, yakachukua vijana kuwa wapagazi. Mvua nayo ikakosa. Njaa iliyofuata, tangu 1917 mpaka 1920, Wagogo waliipa jina la Mtunya, na maelfu kwa maelfu walikufa. Ni juu ya watu hao waliodhoofika ndipo Mwingereza alipokuja kuchora mistari yake. Mwaka 1926, wakati wa Gavana Sir Donald Cameron, Tanganyika iligawanywa katika majimbo 11, na Jimbo la Kati likawekwa makao yake Dodoma. Ndani ya jimbo hilo Ugogo ukakatwa mapande matatu: Mpwapwa upande wa mashariki, Dodoma katikati, Manyoni upande wa magharibi. Kila pande likapata Bwana Shauri wake, na watemi wakafanywa makarani wa kukusanya kodi. Wazee wetu hawakuwa na haja ya kusoma vitabu ili waelewe maana ya wagawe uwatawale. Waliiona kwa macho.

Na aliyezoea kugawa bila kuuliza hakomi. Mwaka 1947 serikali ya London iliamua kwamba Kongwa ilimwe karanga kwa matingatinga. Aliyeishi Kongwa angeweza kuwaambia bure jinsi mvua ya huko inavyodanganya na jinsi ardhi yake inavyokuwa ngumu kama tofali jua likiwaka. Hakuulizwa. Mwaka 1951 mpango ulikufa, na pauni milioni 36 hivi zikawa zimekwenda na upepo. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Lakini mkoloni alikuwa na fedha za kupoteza, sisi hatuna.

UHURU NA MISTARI YAKE

Uhuru ulipatikana mwaka 1961. Majimbo yakaitwa mikoa, Bwana Mkubwa wa Jimbo akaondoka, na mwaka 1962 wakaanza kushika kazi Wakuu wa Mikoa na Wakuu wa Wilaya wa kwetu. Mwaka 1963 uchifu ukafutwa kwa sheria. Tulishangilia, na tulikuwa na haki ya kushangilia. Hata neno lenyewe likahama: jimbo, ambalo lilikuwa mali ya mtawala mgeni, leo ni mahali pa kumchagua mbunge.

Mwaka huo huo wa 1963 Jimbo la Kati la zamani likapasuliwa: upande mmoja Dodoma, upande mwingine Singida. Manyoni ikawekwa Singida. Sasa tazama ramani. Kintinku iko juu ya reli na juu ya barabara kuu, jirani ya Bahi, na Dodoma iko karibu nayo kuliko Singida. Lakini mtu wa Kintinku akiwa na shauri la mkoa huipa Dodoma mgongo, hupanda ukingo wa bonde la ufa mpaka Manyoni, kisha hugeuka kaskazini mpaka Singida. Bwawa la Bahi limekatwa, huku wilaya moja na huku nyingine, huku mkoa mmoja na huku mwingine. Samaki hawajui mpaka huo, wala ng'ombe, wala maji ya mto Bubu yanapofurika. Anayeujua ni mtoza ushuru.

Tusieleweke vibaya. Hatusemi kwamba Wagogo wote wakusanywe katika mkoa mmoja, na Wanyaturu wao, na Warangi wao, na Wasandawe wao. La, hasha! Mkoa wa kabila ni sumu. Nchi hii haikupigania Uhuru ili kila ukoo ujifungie katika zizi lake. Kule Kondoa na Chemba, Mrangi, Msandawe, Mburunge na Mgogo wamechanganyika siku nyingi, wanaoana, wanauziana mifugo, na anayetaka kuwatenganisha kwa chaki huyo ni adui yao wote. Tunachosema ni kwamba mpaka ufuate maisha ya watu: maji wanayoyatumia, soko wanaloliendea, barabara wanayoipita. Na njia ya kujua mambo hayo ni moja tu, nayo ni kuwauliza.

MADARAKA YALIYOKWENDA YAKARUDI

Mwaka 1971 ikaja Operesheni Dodoma, na watu wakahamishwa kukaa katika vijiji. Mwaka 1972 ikaja siasa ya Madaraka Mikoani. Jina lilikuwa zuri. Lakini kwa jina hilo mabaraza ya wilaya yaliyochaguliwa na wananchi yaliondolewa, na mahali pao wakakaa maofisa waliotumwa kutoka juu. Madaraka yalifika mikoani kweli, ila yalifika yamevaa suti na kubeba mkoba, wala hayakushuka kwa mwananchi. Ilibidi kungoja sheria za mwaka 1982 ndipo halmashauri za wilaya zirudishwe, zikaanza kazi tena mwaka 1984. Mwaka huo huo Mwalimu Nyerere mwenyewe alikiri mbele ya dunia kwamba kufuta serikali za mitaa lilikuwa kosa. Kiongozi mkubwa akisema hivyo juu ya jambo alilolifanya yeye, vipi wadogo wa leo waone haya kusahihisha?

Tangu hapo Katiba inasema wazi kwamba serikali za mitaa zipo kwa ajili ya kupeleka madaraka kwa wananchi. Lakini Katiba hiyo hiyo, katika ibara ya 2, inampa Rais uwezo wa kuigawa nchi katika mikoa na wilaya kwa kufuata sheria. Wananchi wa bara wanayo nafasi ya kutoa maoni kupitia vijiji, kata, halmashauri, na kamati za ushauri za wilaya na za mkoa. Maoni hayo hupanda ngazi. Neno la mwisho hushuka kutoka juu, na mara nyingi wanakijiji hulisikia redioni.

WILAYA MPYA ZIMELETA NINI?

Hatutaki kuwa kama wale wakaao mjini na kusema kwamba kila wilaya mpya ni ulafi wa vyeo. Huo ni uvivu wa kufikiri. Zamani Wilaya ya Dodoma Vijijini ilizunguka mji kama pete. Mtu wa pembe moja na mtu wa pembe nyingine wote walilazimika kukutana mjini ndipo wapate huduma ya wilaya yao. Mwaka 2007 zikapatikana Bahi na Chamwino. Katikati ya miaka ya 1990 Kongwa ilitengwa na Mpwapwa. Mwaka 2012 Chemba ilitengwa na Kondoa, na mwaka huo huo Ikungi na Mkalama zikazaliwa mkoani Singida. Mtu wa Kwa Mtoro aliyekuwa akienda mpaka Kondoa kwa shauri la wilaya anajua faida yake. Na watu wameongezeka. Sensa ya mwaka 2012 iliwahesabu watu 2,083,588 katika Mkoa wa Dodoma. Ile ya mwaka 2022 ikawakuta 3,085,625. Singida walikuwa 1,370,637, wakafika 2,008,058. Nguo ya mtoto haimtoshi kijana.

Basi kugawa si dhambi. Lakini twauliza: Wilaya inapozaliwa, huzaliwa nini? Kwanza huja Mkuu wa Wilaya, na Katibu Tawala wake, na Mkurugenzi wake, na magari yao. Huja bendera na ukuta wa ofisi. Daktari wa upasuaji huja lini? Hakimu huja lini? Mtambo wa kuchimba visima huja lini, katika nchi hii yetu ambayo mvua yake ni ya msimu mmoja tu kwa mwaka? Mpaka mwaka 2019 zilikuwapo halmashauri nyingi nchini ambazo ofisi zake zilikuwa bado zimepanga katika mji wa wilaya nyingine, hata Serikali ikabidi itoe amri zihamie katika maeneo yao. Ofisi ilikuwa imezaliwa upande mmoja na wananchi wake wako upande mwingine!

Na hapa tuna neno kwa wenzetu, wanachama na mashabiki. Wako miongoni mwetu wanaodai wilaya kama mtu anavyodai kanzu ya Idi, kwa sababu jirani ameshonewa. Wengine wanadai kwa kuwa wamehesabu viti: mwenyekiti wa halmashauri mmoja, mbunge mmoja, na nafasi za jamaa zao. Watu hao hawadai wilaya, wanadai ulaji, nao huiponza haki ya wale wanaodai kwa shida ya kweli. Tazameni Uganda: mwaka 1986 ilikuwa na wilaya 33, leo ina zaidi ya 130. Tazameni Kongo, ambako mwaka 2015 majimbo yaliongezwa kutoka 11 mpaka 26. Mwenye njaa hashibi kwa kuongezewa sahani.

DEBE TUPU

Sasa tufike kwenye mfuko, maana hapo ndipo penye kidonda. Halmashauri bila fedha yake ni debe tupu: hulia sana, ndani hamna kitu. Mwaka 2003 kodi ya maendeleo ilifutwa. Hatuililii, ilikuwa kodi ya kichwa iliyomkimbiza maskini porini, na ilikuwa na harufu ya mkoloni. Lakini ilipoondoka, halmashauri zikabaki zaidi na ushuru wa mazao na mifugo. Mwaka 2016 kodi ya majengo ikahamishiwa Mamlaka ya Mapato ya nchi nzima, na tangu mwaka 2021 inakatwa mtu anaponunua umeme. Mwaka 2017 ushuru wa mazao ukapunguzwa. Kumpunguzia mkulima mzigo ni jambo jema, lakini halmashauri iliyopunguziwa mapato hufidiwa na nani, na kwa kanuni ipi?

Fikirini wilaya kama Bahi au Chemba. Mapato yake yatoka kwenye alizeti, ufuta, mtama, mpunga wa bondeni, na minada ya ng'ombe. Mwaka wa mvua kuna kitu. Mwaka wa ukame, mwananchi hana na halmashauri haina, wote wawili wanatazama barabara ya kutoka Hazina. Na anayengoja kupewa hawezi kumwuliza mpaji maswali mengi. Ndiyo maana twasema kwamba kugawa nchi bila kugawa mfuko ni kugawa njaa.

Jirani zetu wa Kenya waliandika katika Katiba yao ya mwaka 2010 kwamba kaunti zao 47 zipate kwa pamoja si chini ya asilimia 15 ya mapato ya taifa. Hatusemi kwamba kila kitu cha Kenya kinafaa. Kaunti zao nazo zina kesi zao za wizi, na kila mwaka serikali zao mbili huvutana juu ya fedha. Lakini angalau wanavutana juu ya haki iliyoandikwa. Sisi twavutana juu ya hisani.

MJI UNAPOKIMEZA KIJIJI

Dodoma ina fundisho lake. Oktoba 1973 TANU iliamua makao makuu ya nchi yahamie hapa, na ikaundwa Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu. Kwa miaka mingi mji mmoja ulikuwa na mafahali wawili: Manispaa yenye madiwani waliochaguliwa, na Mamlaka yenye ardhi. Diwani alichaguliwa na wananchi, lakini kiwanja kiligawiwa na ofisi ambayo wananchi hawakuichagua. Fahali wawili wakipigana ziumiazo ni nyasi, na nyasi zilikuwa ni wenyeji waliokuta mashamba ya wazee wao yamo katika ramani ya watu wengine. Mei 2017 Mamlaka hiyo ilivunjwa na kazi zake zikapelekwa Manispaa. Tarehe 26 Aprili 2018 Dodoma ikatangazwa kuwa jiji. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 765,179 ndani ya jiji. Miaka kumi kabla walikuwa 410,956.

Tunaufurahia mji wetu. Serikali imekuja, reli mpya imefika, nyumba zinaota kama uyoga. Lakini msomaji azingatie jambo moja la sheria. Kijiji, kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, kina ardhi yake. Halmashauri ya kijiji huisimamia, na mkutano mkuu wa wanakijiji una neno. Siku kijiji kinapogeuzwa mtaa wa mji, neno hilo hufa. Watu ni wale wale, mibuyu ni ile ile, makaburi ya babu ni yale yale, ila mkutano uliokuwa na nguvu ya kukataa sasa una nguvu ya kusikiliza tu. Mpaka umesogezwa kilometa chache, na mwenye shamba amekuwa mwenye kungoja fidia.

Jiji linapanuka upande wa Bahi na upande wa Chamwino, na litaendelea kupanuka. Hatuwezi kulizuia wala hatutaki. Tunachotaka ni kwamba kabla kijiji hakijamezwa, kila shamba liwe limepimwa, kila haki iwe imeandikwa, na wenyewe wawe wamekaa, wameelezwa na wamekubali. Kinyume cha hapo si maendeleo, ni unyang'anyi uliovaa tai.

MPAKA USIOJULIKANA HULETA DAMU

Na mahali ambapo mpaka haujulikani, au unajulikana kwa karani peke yake, pana hatari kubwa kuliko hasara ya fedha. Kongwa iko Mkoa wa Dodoma. Kiteto iko Mkoa wa Manyara, ambao ulitengwa na Arusha mwaka 2002. Huku wakulima, huku wafugaji, na katikati ardhi ambayo kila mmoja aiona kuwa riziki yake. Mwaka 2014 watu waliuawa Kiteto katika ugomvi wa ardhi baina ya wakulima na wafugaji. Waliokufa walikuwa wananchi wa nchi moja, maskini wote. Mabepari hawakuwamo katika hesabu ya maiti.

Mikoa miwili, wilaya mbili, kamati mbili za usalama, na bado mkulima na mfugaji wakaachwa wamalizane kwa mikuki na moto. Jiwe la mpaka linalowekwa na mpimaji akisindikizwa na polisi hung'olewa usiku. Jiwe linalowekwa na wazee wa vijiji viwili mchana, watu wote wakiona, hulindwa na vijiji vyote viwili.

NGAZI ISIYO NA WANANCHI JUU

Tuitazame sasa ngazi nzima. Kitongoji kina mwenyekiti wa kuchaguliwa. Kijiji na mtaa vina mwenyekiti wa kuchaguliwa. Kata ina diwani. Kisha panda juu: Ofisa Tarafa huajiriwa, Mkurugenzi huteuliwa, Mkuu wa Wilaya huteuliwa, Mkuu wa Mkoa huteuliwa. Nchi ina vijiji zaidi ya 12,000 na vitongoji zaidi ya 60,000, na huko chini kura ipo. Lakini kadiri madaraka yanavyokuwa makubwa ndivyo kura inavyopotea. Mkoa wenye watu milioni tatu hauna hata baraza moja walilolichagua kwa kazi ya mkoa. Una kamati ya ushauri, na ushauri mtu huweza kuusikia na kuupita.

Tena Sheria ya Tawala za Mikoa ya mwaka 1997 inampa Mkuu wa Mkoa na Mkuu wa Wilaya uwezo wa kumweka mtu ndani saa 48. Wako wengi wenye busara wasioutumia vibaya, nao twawaheshimu. Lakini sheria haiandikwi kwa kuwategemea wenye busara. Bwana Shauri naye alikuwa na uwezo wa namna hiyo, na babu zetu hawakuupenda kwa sababu aliyekuwa nao ni Mzungu; waliuchukia kwa sababu ulikuwa uonevu. Rangi ya mkono haipunguzi uzito wa rungu.

TUNADAI NINI?

Hatupendi kulalamika bila kusema tunachotaka. Madai yetu ni haya:

Kwanza, mpaka wa kijiji, kata, wilaya au mkoa usibadilishwe mpaka mikutano mikuu ya vijiji vinavyohusika imekaa, ramani iko mbele ya watu, kura imepigwa, na hesabu ya kura imebandikwa ukutani.

Pili, kabla wilaya mpya haijatangazwa, wananchi waambiwe itagharimu fedha ngapi, na fedha hizo zitatoka wapi. Kituo cha afya, mahakama na maji vitangulie. Ofisi ya bwana mkubwa ifuate.

Tatu, fungu la halmashauri katika mapato ya taifa liandikwe katika sheria, na kodi ya majengo irudi kwa wale wanaozoa takataka na kutengeneza barabara za majengo hayo.

Nne, kijiji kisigeuzwe mtaa kabla ardhi ya kila mtu haijapimwa na haki yake kuandikwa.

Tano, mipaka ya mikoa inayogombewa ihakikiwe na vijiji vya pande zote mbili wakiwa pamoja, wakulima na wafugaji.

Sita, mkoa upate baraza la kuchaguliwa, ambalo Mkuu wa Mkoa atalitolea hesabu. Na uwezo wa kuweka watu ndani saa 48 uondolewe, kazi hiyo ibaki kwa polisi na mahakama.

Watatokea watu wa kusema kwamba madai haya yanavunja umoja wa taifa. Twawajibu mapema. Umoja wa taifa haukujengwa na mistari iliyopigwa gizani. Ulijengwa na watu waliokubaliana. Mwenye kuulizwa huona nchi kuwa yake, na asiyeulizwa huiona kuwa ya wengine. Sasa nani anayeujenga umoja na nani anayeubomoa?

Kazi hii si ya gazeti peke yake. Kila mwanachama aliye kijijini aulize tarehe ya mkutano mkuu wa kijiji na ahudhurie. Asome taarifa ya mapato na matumizi, na kama haijabandikwa adai ibandikwe. Aijue mipaka ya kijiji chake kwa miguu yake, si kwa kusimuliwa, na awaonyeshe watoto wake. Siku mpimaji atakapokuja na kamba yake, asikute watu wanaoshangaa. Akute watu wanaojua kilima kipi, korongo lipi, kisima kipi. Watu wa namna hiyo hawagawiwi. Hukaa chini na Serikali yao, wakagawana.

UHURU NA UMOJA.